Hivi kweli mdunguaji anaweza kumpiga mtu aliye umbali wa mita 3,800?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), hapa Morogoro. Nimesoma kwamba Novemba 2023 mdunguaji wa Ukraine alimpiga askari wa Urusi kutoka mita 3,800. Tumebishana bwenini mpaka taa zikazimwa. Mmoja anasema ni propaganda tupu, mwingine anasema siku hizi kompyuta ndiyo inayolenga, mtu anafyatua tu. Je, kifizikia inawezekana? Ni ujuzi au ni bahati? Halafu, anayepigwa huwa anasikia mlio kwanza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kushika chaki niliwahi kuvaa magwanda, kwa hiyo swali lako limenipata pande zote mbili. Jibu fupi la kuwatuliza wenzako ni kwamba inawezekana. Ila kuwezekana ni jambo moja, na kuweza kurudia kesho asubuhi ni jambo jingine kabisa, na naona ubishi wenu umekwama hapo katikati.

Tuiweke Ukraine pembeni kidogo. Habari ile ilitoka kwa idara ya usalama ya nchi hiyo, SBU, vita vikiwa vinaendelea. Tuanze na tukio ambalo namba zake zimechambuliwa kwa miaka mingi. Novemba 2009, Musa Qala, mkoa wa Helmand, Afghanistan, askari wa Uingereza Craig Harrison aliwapiga wapiganaji wawili wa Taliban waliokuwa kwenye bunduki ya rashasha, kutoka mita 2,475. Bunduki yake ilikuwa L115A3. Kichwa cha risasi kilikuwa na uzito wa gramu 16 hivi, na kilitoka mtutuni kwa takriban mita 936 kwa sekunde.

Shika kikokotoo, gawanya 2,475 kwa 936. Umepata 2.6, sivyo? Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba risasi zilichukua karibu sekunde 3 kufika, na naona kabisa mwandishi alivyoipata: amefanya hesabu hiyo hiyo uliyoifanya wewe sasa hivi. Ingekuwa sahihi kama Helmand isingekuwa na hewa. Kwa kuwa hewa ipo, safari ile ilichukua kama sekunde 6. Hizo sekunde tatu na ushei ambazo hewa imeziiba usizisahau, nitazidai baadaye.

Risasi inatoka mtutuni ikikimbia karibu mara 2.7 ya mwendokasi wa sauti. Ukinzani wa hewa unaanza kuila papo hapo, na ikifika kilomita moja na nusu hivi imeshashuka karibu na mwendokasi wa sauti wenyewe. Hapo ndipo pana kazi. Umewahi kucheza pia, kile kidude cha watoto kinachozunguka juu ya ncha yake? Basi risasi ni pia. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda, na kwa bunduki ile risasi hujizungusha mara moja katika kila sentimita 28. Kwa mita 936 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya mizunguko 3,300 kila sekunde. Injini ya gari ikilia kwa mizunguko 6,000 kwa dakika ni mizunguko 100 tu kwa sekunde. Mzunguko huo ndio unaoifanya risasi itangulize pua badala ya kupinduka hewani. Sasa inapovuka kutoka juu ya mwendokasi wa sauti kwenda chini yake, mawimbi ya mshtuko yaliyoifunika yanahama, kani za hewa zinahamia sehemu nyingine ya mwili wake, na hiyo pia yetu inaanza kuyumba. Nyingine hutulia baada ya kuyumba, nyingine haitulii. Risasi mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana hapo, na hakuna vidole vya mtu vinavyoweza kulizuia hilo. Kilomita nzima ya mwisho ya ile 2,475 ilikuwa ng'ambo ya mpaka huo.

Tuje kwenye uvutano, maana huo umeshaujua tangu kidato cha pili. Nusu ya g mara t mraba (g ni mchapuko wa uvutano, t ni muda): kwa sekunde 6 ni mita 176. Hewa inapunguza kidogo, lakini bado ni zaidi ya mita 100. Maana yake ni kwamba mtutu wa Harrison haukumwelekea mtu. Ulielekea mahali patupu angani, zaidi ya mita 100 juu ya kichwa chake. Njiani risasi ilipanda kufikia kama mita 44 juu ya mstari wa macho (jaribu g mara t mraba gawanya kwa 8, makadirio yake si mabaya), yaani urefu wa jengo la ghorofa 14. Darubini ndiyo inayoelekea mtu. Mtutu chini yake umeinuliwa. Tena masafa yakizidi, skrubu za darubini zinaishiwa nafasi ya kuzungushwa, na ndiyo sababu kibao kinachobeba darubini hutengenezwa kikiwa na mteremko tangu kiwandani.

Kwa kuwa inapanda hivyo, inarudi chini kama jiwe lililorushwa. Kwa makadirio yangu, pale Musa Qala ilikuwa inashuka kwa pembe ya nyuzi 6 hivi. Kokotoa mwenyewe: ukikosea masafa kwa mita 10 tu, umekosea wima kwa mita 1 hivi. Risasi imetua chini mbele ya miguu yake au imepita juu ya kofia yake. Kwa hiyo kipima masafa cha leza si anasa. Na kama baruti ya risasi moja imeisukuma kwa mita 3 kwa sekunde zaidi ya mwenzake, tofauti ambayo si ya ajabu hata kidogo, mbele kule inageuka zaidi ya nusu mita. Baruti iliyokaa juani huwaka kwa nguvu kuliko iliyokaa kivulini. Ukimwona mdunguaji anazifunika risasi zake kwa kitambaa kama mama anayefunika vitumbua, usimcheke.

Hayo yote, mwanangu, ni mambo yanayopimika. Ukiwa na subira na vipimo vizuri unayamaliza. Adui asiyemalizika ni upepo.

Hapa sasa ndipo ninapodai zile sekunde tatu na ushei. Wataalamu wa mwendo wa risasi wana kanuni ya zamani, fupi, na mimi huiona nzuri kuliko nyingi mnazokariri: risasi husogezwa pembeni kwa kasi ya upepo ukizidisha na muda ambao hewa imeichelewesha. Muda wote wa safari hauhusiki, ni ule uliocheleweshwa tu. Pale ni 6 toa 2.6, yaani 3.4. Basi upepo wa mita 1 kwa sekunde kutoka ubavuni unaisogeza risasi mita 3.4. Na upepo wa mita 1 kwa sekunde ni upepo gani? Ni ule unaoulaza moshi wa udi lakini usoni huusikii. Kifua cha mtu kina upana wa nusu mita. Ukikadiria upepo ukakosea kwa mita 1 kwa sekunde kushoto au kulia, risasi yako inaweza kuangukia popote katika ukanda wa karibu mita 7, na mtu anachukua nusu mita tu ya ukanda huo. Hiyo ni nafasi 1 katika 13 au 14, na bado hatujagusa juu na chini.

Nikupe la kwangu. Siku moja uwanja wa shabaha, mita 600, tumelala kifudifudi asubuhi, jua bado jepesi. Palikuwa na vibendera vitatu: kimoja karibu nasi, kimoja katikati, kimoja kwenye shabaha. Cha karibu kilikuwa kinapepea kwenda kushoto, na mimi nikarekebisha darubini kwa kukifuata hicho, maana ndicho nilichokiona bila kuhangaika. Risasi ya kwanza nje. Ya pili nje, upande ule ule. Ya tatu nikaongeza marekebisho, ikaenda nje zaidi. Sajenti aliyekuwa akitusimamia, mzee wa maneno machache, akachutama pembeni yangu akauliza: "Wewe unapiga upepo wa wapi?" Ndipo nikainua macho. Cha katikati kilikuwa kimening'inia kama kitambaa cha kufutia ubao, na cha mwisho kinapepea kulia. Upepo tatu katika mita 600, zote zimewekewa bendera, na bado nilikosa. Sasa weka mita 2,475, mabonde mawili katikati, hakuna bendera hata moja, na risasi inapita kimo cha ghorofa 14 ambako upepo si huu unaokupiga shavuni.

Ndiyo maana mdunguaji hafanyi kazi peke yake. Ubavuni kwake hulala mwenzake, mtazamaji, mwenye darubini kubwa kuliko yake, na katika masafa haya mimi huwa naona yeye ndiye bwana kazi. Huyo husoma mazigazi. Unayajua mazigazi ya barabara ya Dodoma saa nane mchana, lami inaonekana kama maji? Ukiyatazama kwa darubini, ukaiweka shabaha iwe na ukungu kidogo ili uone hewa iliyo kabla yake, utayaona yakitiririka kufuata upepo. Yakilala sana, upepo ni mkali. Yakichemka kwenda juu moja kwa moja, ama hakuna upepo ama unakujia usoni au mgongoni. Nahodha wa jahazi anausoma upepo kwenye ngozi ya maji kabla haujafika kwenye tanga. Ujuzi ni wa namna hiyo hiyo, na haufundishiki kwa wiki mbili.

Harrison mwenyewe alieleza kwamba siku ile hali ilikuwa shwari, hakuna upepo, anga safi. Na jambo ambalo wengi huliruka wanaposimulia: yeye na mtazamaji wake walitumia risasi tisa hivi kutafuta masafa kabla ya kupata. Wanapiga, wanangoja sekunde sita, wanatazama vumbi limeruka wapi, wanarekebisha, wanapiga tena. Udongo mkavu wa Helmand uliwasaidia, maana risasi ikitua inainua kivumbi kinachoonekana. Kwenye majani mabichi yaliyolowa mvua wasingeona kitu, na rekodi isingekuwapo. Alipokwisha kupata, alipiga watu wawili kwa risasi zilizofuatana, kisha akaiharibu na ile rashasha. Sasa niambie, huo ni ujuzi au bahati? Zile tisa za kwanza zinaonyesha kiasi cha kutojua kilichokuwapo. Zile zilizofuatana baadaye zinaonyesha kwamba aliyejua kusoma vumbi lile hakuwa anabahatisha.

Miaka saba kabla yake, Machi 2002, Mkanada Rob Furlong alikuwa ameweka rekodi ya mita 2,430 katika bonde la Shah-i-Kot, Afghanistan hiyo hiyo. Risasi ya kwanza ilikosa, ya pili ikapiga mkoba wa mgongoni wa mpiganaji, ya tatu ikampata. Sura ni ile ile. Na mtazame mahali: Shah-i-Kot ni milimani. Ukiwa mita 2,500 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko ya Tanga, na risasi haicheleweshwi sana kama huku chini. Kwa hiyo milima ya Afghanistan ilichangia. (Kwa kuwa unasoma kemia: sisi watu wa pwani husema hewa yenye unyevu ni nzito. Ni kinyume. Molekuli ya maji ni 18, wastani wa hewa kavu ni 29. Hewa yenye unyevu ni nyepesi. Jasho ndilo linalotudanganya.)

Mwenzako wa kompyuta hajakosea sana. Vifaa vya mkononi vinapima kanieneo, joto na unyevu, na programu inakupa jibu kabla hujakohoa. Inakumbuka hata mambo madogo, kama kwamba risasi iliyozungushwa kwenda kulia hujivuta kulia taratibu, na kwamba dunia inajizungusha risasi ikiwa hewani. Hilo la dunia watu hulipenda mno. Kule Helmand, latitudo 32 kaskazini, athari ya Coriolis iliisogeza risasi kama nusu mita kulia. Kwenye ikweta usogezi huo wa kando ni sifuri. Lakini hujapona: ukipiga kuelekea mashariki risasi inatua juu zaidi, ukipiga magharibi inatua chini zaidi, na kwa masafa yale tofauti ingekuwa kama mita 1 kila upande. Wale vijana wa Nanyuki wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka huku na huku ya mstari wa ikweta kwa beseni wanafanya mazingaombwe. Beseni ni dogo mno. Mdunguaji akiwa pale pale angeiona dunia ikizunguka kweli.

Ila kompyuta inajibu kwa ulichoiambia. Upepo wa bonde la pili, risasi ikiwa juu, haiujui mpaka mtu aukisie. Mtu akikisia vibaya, kompyuta itakokotoa kosa lake kwa usahihi wa hali ya juu.

Sasa Ukraine. Mpigaji, Viacheslav Kovalskyi, alikuwa na umri wa miaka 58, mfanyabiashara wa zamani aliyekuwa akishindana katika mashindano ya shabaha ya masafa marefu. Bunduki ilitengenezwa hukohuko Ukraine, jina lake kwa Kiswahili ni kama Bwana wa Upeo, na risasi yake ni nene, milimita 12.7. Ilielezwa kwamba ilichukua sekunde 9 hivi. Tumia yale yale niliyokupa: kimo cha njia yake ni kama mita 100 juu ya mstari wa macho. Tukichukulia ilitoka mtutuni kwa mita 900 kwa sekunde, hewa imeichelewesha karibu sekunde 5, kwa hiyo ule upepo wa moshi wa udi unaisogeza karibu mita 5. Mtu anayetembea kawaida huenda zaidi ya mita 12 katika sekunde 9, basi lazima awe amesimama, na hapaswi kupata wazo la kugeuka. Na ukubwa wake machoni? Simamisha kiberiti mita 100 kutoka ulipo: huo ndio urefu wake. Upana wake ni kama wa kidole chako cha shahada.

Siwezi kumuunga mkono mwenzako wa propaganda. Risasi nzito ya namna ile inafika kule ikiwa bado na nguvu ya kuua, na miaka sita kabla yake, mwaka 2017, kikosi maalumu cha Canada, JTF2, kilitajwa kumpiga mpiganaji nchini Iraq kutoka mita 3,540, risasi ikisafiri karibu sekunde 10. Wapo wataalamu walioitilia shaka ya Ukraine, hasa kama aliyepigwa alikufa kweli. Mimi shaka yangu iko kwingine. Ningeuliza: mwaka ule, katika pande zote za vita ile, ni risasi ngapi zilipigwa kwa watu waliokuwa zaidi ya mita 3,000? Waliokosa hawakuandikwa. Rekodi ya Mmarekani Carlos Hathcock, mita 2,286, aliyoiweka Vietnam mwaka 1967 kwa rashasha iliyofungwa darubini, ilidumu miaka 35. Sidhani kwamba katika miaka hiyo 35 hakuna aliyejaribu.

Kwa hiyo kama bwenini bado mnataka mshindi: ujuzi ndio unaoushusha ukanda wa mita nyingi ukawa ukanda wa mita mbili au tatu. Mtu asiye na ujuzi angepiga mwezi mzima asipate hata vumbi karibu. Lakini ndani ya zile mita mbili au tatu zilizobaki, mpigaji na mpigwaji wote wanangoja kama sisi.

Umeuliza kuhusu mlio. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwa mita 2,475 inahitaji sekunde 7.3, risasi ya Harrison ilitumia kama 6. Kwa mita 3,540 sauti inahitaji sekunde 10.4, risasi karibu 10, yaani zinafika karibu bega kwa bega. Kwa mita 3,800 sauti inachelewa zaidi ya sekunde 11, na risasi ya sekunde 9 imeshatangulia. Tena, kwa kuwa ile ya Harrison ilikuwa imeshashuka chini ya mwendokasi wa sauti, ule mlio mkali wa kupasuka unaoandamana na risasi ya karibu haukuwapo tena pale mwishoni. Nadhani hilo linaeleza jambo ambalo huenda limekusumbua uliposoma habari za zile risasi tisa: kwa nini wale watu wawili hawakukimbia. Wao wenyewe walikuwa na rashasha. Kivumbi kinaruka mita kadhaa pembeni, na sekunde moja baadaye unakuja mlio hafifu kutoka kilomita mbili na nusu, kama mtu aliyefunga mlango nyumba ya tatu.